Jinsi ya kuchagua Mary Jane pale Kibuye

Nauza viatu vya kike vya mitumba pale soko la Kibuye, na kama kuna kiatu kimoja ambacho ningependa kila mwanamke wa Kisumu awe nacho, ni Mary Jane. Mbele mviringo, vidole vimefunikwa, juu wazi, halafu mkanda mmoja unakatiza mguu na kufungwa kwa bizimu ubavuni. Unakijua tayari: kile cheusi cha wasichana wa shule ni ndugu yake mdogo.

Wateja huniuliza huyu Mary Jane ni nani. Ni mtoto wa katuni. Mwaka wa 1902 mchoraji wa Marekani, Richard Outcault, alianza kuchora katika gazeti la New York Herald visa vya Buster Brown, mvulana mtundu wa familia tajiri, pamoja na mbwa wake Tige. Mary Jane alikuwa mwenzake katika visa hivyo. Mwaka wa 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, Outcault aliuza haki ya kutumia wahusika wake kwa kampuni nyingi, mojawapo ikiwa Brown Shoe Company ya mji huo huo. Viatu vya mkanda vilikuwapo zamani, na Buster mwenyewe alivivaa, maana siku hizo wavulana wadogo nao walivaa. Lakini jina lililodumu ni la msichana. Miaka ya 1920 wanawake waliokuwa wakicheza Charleston walivivaa vikiwa na kisigino, kwa sababu mkanda ulizuia kiatu kisichomoke katikati ya ngoma. Miaka ya 1960 vikarudi tena, na sketi fupi, miguuni mwa akina Twiggy, yule mwanamitindo wa Uingereza.

Ndiyo maana nasema mkanda ndio kiatu chenyewe. Kiatu cha wazi kisicho na mkanda lazima kikubane vidole ndipo kisitoke. Hiki kinashikwa juu, vidole vinapumua. Mkanda ukiwa mbovu, umenunua shida.

Kwa hivyo anza hapo. Uvute kwa nguvu kidogo ukiangalia mahali uliposhonewa. Uzi ukiwa umelegea, si neno, fundi atashona. Ngozi yenyewe ikiwa imechanika pale kwenye shina, rudisha. Kisha angalia kipande cha lastiki karibu na bizimu: kivute, ukiachilie. Kisiporudi, kimekufa, ila kubadilisha si kazi kubwa, tumia hiyo kupunguza bei. Sasa vaa, funga tundu la katikati. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda. Ukilazimika kufunga tundu la mwisho leo, ngozi ikilegea utafunga wapi?

Vaa vyote viwili, usimame, utembee. Miguu huvimba na joto letu, kwa hivyo mchana ndio wakati wa kujipima. Shida ni kwamba kamera, yaani vile viatu bora vinavyochaguliwa kwanza, huisha asubuhi mtumba ukifunguliwa. Ukija mapema, zunguka sokoni kwanza, nunua nyanya zako, ndipo uvae. Namba ya ndani usiiamini sana: 5 ya Uingereza hukaribia 38 ya Ulaya, na Mmarekani huenda akaiandika 7.

Sasa soli, na hapa tafadhali nisikilize, nyamera, dada yangu. Zile soli nyepesi za poliyurethani, laini kama sifongo, huharibiwa polepole na unyevu hata kiatu kikikaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Juu kinang'aa, hakina hata mkwaruzo, na kabla hujafika Kondele soli inamwagika vipande. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, hasa karibu na kisigino, kisha kikunje kidogo. Ukiona unga, nyufa ndogo, au pananata, kiache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Gundi haiponyi soli ya aina hiyo. Soli ya mpira au ya ngozi iliyochakaa pembeni haina shida, hiyo fundi anaimudu.

Ukihitaji tundu jipya, mwambie fundi atumie chombo cha kutoboa duara, asitumie msumari. Msumari hupasua ngozi, na mpasuko huo utaendelea kila unapofunga.