Kumketisha Mwandishi Juu ya Jabali: Sanamu ya Saruji Kando ya Ziwa

Ukerewe, kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria, imewatoa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi, na waandishi wa riwaya wa namna hiyo wanastahili kuonekana nyumbani kwao. Anayetaka kuwajengea sanamu aanze na kiwanja, fundi baadaye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yalivyopanda mwaka 2020 kila mtu aliona umuhimu wake. Pitisha mchoro kwa mipango miji wa halmashauri kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Mketishe. Sanamu iliyosimama hubebwa na vifundo vya miguu, na nyufa huanzia hapo. Akiwa ameketi, hata mtoto wa shule atamtazama usoni. Ukubwa uwe mara moja na robo ya mtu. Akilingana na mtu, mahali pa wazi ataonekana mdogo.

Majabali yapo tele, ila yachunguze. Gonga kwa nyundo kila upande: likilia kama ngoma, ganda la juu limeachana na mwamba, libandue lote. Toboa matundu manne ya sentimita 20, toa vumbi mpaka liishe (likibaki, nondo zitachomoka), kisha simika nondo za milimita 12 kwa uji mzito wa saruji. Subiri siku saba.

Kiwiliwili kifungwe kwa nondo hizo, mikono kwa za milimita 8, halafu zungushia wavu wa kuku mara mbili na ukaze kwa waya. Saruji moja kwa mchanga mbili, maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa kilo 50. Mchanga wa ziwani hauna chumvi lakini una tope. Tikisa kidogo ndani ya chupa ya maji, uache saa tatu: tope likizidi milimita 8 juu ya kila sentimita 10 za mchanga, uoshe. Tabaka la kwanza lisukumwe kwa mkono hadi lipenye wavu, likwaruzwe likiwa bichi. La pili lifuate kesho yake juu ya uso uliolowanishwa. Nondo zifunikwe kwa sentimita 3, kwa sababu chuma kikipata kutu huvimba na kuipasua saruji. Upepo wa ziwa hukausha upesi mno, hivyo funika kwa magunia mabichi siku 14.

Kichwa ndicho chenye kazi. Tafuta picha za mbele na za ubavu za umri mmoja, kifinyange kwanza kwa udongo, familia ikione na kukikubali. Miwani ya saruji huvunjika mapema. Tumia chuma kisichoshika kutu cha milimita 6, kilichochomelewa kwenye nondo za ndani.

Kibao cha shaba kitaishia kwa wauza vyuma chakavu. Chonga maneno kwenye jiwe lenyewe, herufi za sentimita 3, kina milimita 5, baada ya ndugu kuhakiki tahajia kwenye karatasi. Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo la Kiswahili likatoka 1980. Mstari wa kwanza wa maandishi yake uwe wa Kikerewe.

Kitabu kilichofunguliwa mapajani hutuamisha maji. Kiinamishe mbele kidogo, na mapaja yatobolewe tundu la milimita 10 la kutolea maji.