Kabla ya kununua springi, angalia bushi

Toyota Fielder yangu ilikuwa ikipepesuka kila nikiteremka Sachangwan kuja Salgaa, huku Nakuru. Nikakimbilia springi fupi, ngumu. Kosa hilo! Gari likawa linagonga tumbo kwenye matuta ya Njoro, na kuyumba kukabaki palepale.

Anza na bushi, vile vipande vya mpira kwenye maungio ya mikono ya chini (vyuma vinavyoshika magurudumu). Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, kisha usukume mkono kwa mtaimbo. Mpira ukiwa umepasuka au mkono unacheza ovyo, badilisha. Wakati wa kurudisha, usikaze kabisa bolti za bushi gurudumu likining'inia. Acha gari likalie magurudumu yake kwanza, ndipo ukaze. La sivyo mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Mafundi wengi huruka hatua hii maana inataka gereji yenye shimo, na mgongo.

Shokomzoba nunua mbili mbili, kushoto na kulia. Inayovuja mafuta imekwisha, usibembelezwe. Linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika ile fimbo ya kuzuia gari kulalia upande) zikilegea, badilisha pia. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kabla tairi hazijaliwa upande mmoja.

Mimi nimerudisha springi za kawaida. Zile fupi ziko stoo, anayezitaka aje.