Somo: Kuchanganya poliimidi angavu na kuhakikisha zimechanganyika kweli

Poliimidi ni plastiki inayostahimili joto kali. Ile ya kawaida, kama utando uuzwao kwa jina la Kapton, ina rangi ya kaharabu kwa sababu sehemu za molekuli zinazotoa elektroni hukaribiana na zile zinazozipokea, na mwanga wa buluu ukanyonywa. Vikundi vya CF3 (kaboni moja na florini tatu), kama vilivyomo katika 6FDA na TFDB, malighafi mbili za kutengenezea poliimidi, huitenga minyororo ya molekuli, na utando hutoka karibu bila rangi.

Anza na poliimidi zilizokamilika na zinazoyeyuka, wala si asidi zake za poliamiki (hali yake kabla haijakamilika), kwa maana asidi hizo zikikaa pamoja chupani hubadilishana vipande vya minyororo, ukaishia kupima kopolima (minyororo yenye vipande vya zote mbili) ukidhani ni mchanganyiko. Yeyusha kila moja peke yake katika kiyeyushi cha DMAc (dimethilasetamidi), kiasi cha asilimia 10 ya uzito, uchuje, kisha uchanganye na kukoroga hadi michirizi inayoonekana ukiinua chupa kwenye mwanga iishe. Fanya haya ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwani DMAc hupenya ngozi na ni hatari kwa mimba.

Mimina juu ya kioo kilicholala sawasawa. Hapa Nairobi wengi hukwama wakati wa masika: DMAc hunyonya unyevu wa hewa, maji huitoa polima kwenye myeyusho, na utando huanza kuwa mweupe kama tui. Weupe huo si ushahidi kwamba poliimidi zimekataana. Kiingize kioo mara moja katika oveni ya nyuzi 80, kisha pandisha joto polepole hadi kupita 200 ndani ya naitrojeni, kwa sababu oksijeni huleta umanjano.

Pima mwanga unaopenya kati ya nanomita 400 na 700, pima ukungu (mwanga unaotawanywa na utando), halafu tafuta kwa kalorimita, kifaa kinachopima joto linaloingia kwenye sampuli, halijoto ambapo utando huanza kulainika. Ikiwa moja tu, katikati ya zile za poliimidi mbili, zimechanganyika. Zikiwa mbili, zimetengana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, utando wangu ni mwangavu kabisa, lakini kalorimita inaonyesha halijoto mbili.*
Amini kalorimita. Vipande vilivyotengana vikiwa vidogo kuliko wimbi la mwanga, au poliimidi zote zikipinda mwanga sawasawa, jicho halioni kitu.

*Na zikilainika kwenye halijoto zinazokaribiana?*
Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 20 hivi, kalorimita haitakufaa. Tumia darubini ya elektroni.

*Naweza kukausha juani?*
Hapana. DMAc huchemka kwenye nyuzi 165 hivi, na itakayobaki ndani itashusha halijoto ya kulainika na kukuharibia vipimo vyote.