Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga taa za LED kwenye pikipiki ya safari ndefu, Nyanda za Juu Kusini

Anayepita kwa pikipiki kati ya Igawa na Chimala baada ya saa moja usiku anajua anachoweza kukutana nacho: pawatila inayotoka shambani bila taa hata moja, baiskeli iliyobeba magunia ya mpunga, ng'ombe waliochelewa kuvushwa. Taa ya kawaida ya pikipiki ikiwa kwenye dimu inakuonyesha kitu cheusi kikiwa mita 40 au 50 hivi mbele yako. Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kushika breki imeshakula mita 33, na kusimama kwenye lami kavu kunataka mita nyingine 40 hivi. Jumla ni zaidi ya mita 70, na pawatila umeiona ikiwa mita 45.

Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kufunga taa za ziada, na ni sababu nzuri. Lakini wengi wetu huanzia dukani, tukatafuta taa kali kuliko zote, kisha tukampelekea fundi azifunge mchana huo huo. Ningependa uanze na maswali mawili: pikipiki yako ina umeme kiasi gani wa kubakiza, na huo mwanga utamwangukia nani? Ukiyajibu hayo kabla ya kutoa pesa, kazi iliyobaki ni rahisi.

Tuanze na umeme. Kitabu cha pikipiki huandika nguvu ya mfumo wa chaji kwa wati. Tuseme chako kinasema 300. Balbu ya H4, ile ya taa kubwa ya mbele, ikiwa kwenye fulu inatumia wati 60. Taa ya nyuma na ya breki zikiwaka pamoja ni 26. Pampu ya mafuta, plagi na kompyuta ya injini, tuzipe 120. Chaja ya simu inayokuonyesha ramani ni 10 au 15. Kama umefunga vishikio vya kupasha mikono, na Makete au Njombe mwezi Julai si anasa, ongeza 30 au 40. Mpaka hapo umebakiwa na wati 40 hivi, na betri nayo inataka chake. Taa mbili za wati 20 kila moja zinamaliza kila kitu. Mbili za wati 10 zinakuachia nafasi ya kupumua.

Tena zile 300 za kitabuni hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Injini ikinguruma polepole, nguvu hiyo hushuka sana. Fikiria foleni ya mlima Kitonga: uko nyuma ya malori yanayopanda kwa gia ya kwanza, unasogea na kusimama, taa zote zinawaka. Hapo ni betri inayolisha taa, na usiku wa baridi huko juu betri haina nguvu ile ya mchana. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, azima multimita, kile kipimo cha umeme, upime kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, utasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ukiwasha na kupandisha mzunguko kiasi, isome kati ya 13.5 na 14.5. Kama haifiki 13.5 na hujaongeza hata taa moja, tatizo liko kwenye chaji, na taa mpya zitalikuza tu. Rudia kipimo baada ya kufunga, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ikishuka chini ya 13 wakati injini ina mwendo wa barabarani, unaila betri.

Wanaosafiri na pikipiki ndogo za 125 au 150 wana jambo moja zaidi la kuangalia. Kama taa kubwa hufifia injini ikitulia na kung'aa ukivuta mafuta, huenda taa hiyo inalishwa moja kwa moja na magneti, yaani kizalisha umeme cha injini, bila kupitia betri. Usiunge LED kwenye waya huo. Chukua umeme betrini, na ujipangie wati chache.

Dukani, iwe Mwanjelwa au umeagiza Kariakoo, usisome maandishi ya boksi kwa imani. Utakuta taa ndogo ya kushikwa kwa kiganja imeandikwa lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. LED nzuri za kawaida hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati, hivyo taa ya wati 20 ikikupa lumeni 2,000 imefanya kazi yake. Kwa kulinganisha, H4 hutoa lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Mwombe muuzaji aiunge taa kwenye betri ya volti 12 na upime mkondo. Taa ya wati 20 lazima ivute ampea 1.6 au 1.7. Ile iliyoandikwa 40 ikivuta ampea 0.9 ni taa ya wati 11, na bei yake iwe ya wati 11. Angalia pia namba ya kuzuia vumbi na maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na taa inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Haiahidi kitu kuhusu mashine ya presha ya kuoshea magari. Kwa hilo tafuta IP69K, au mwambie kijana wa kuosha aipishe mbali ile bomba.

Usishawishike kuchomoa balbu ya H4 na kuingiza ya LED badala ya kufunga taa za pembeni. Kiakisi cha taa yako kilichongwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka mahali pamoja maalumu. Ukiweka chipu za LED zisizokaa pale pale, mwanga unatawanyika, wewe unaona barabara nyeupe karibu ya gurudumu, na anayekuja mbele yako haoni kitu.

Kuna taa za mwanga mwembamba unaokwenda mbali, na za mwanga mpana unaolala chini. Kama pesa inatosha jozi moja, mimi nasema nunua ile pana. Za mbali zina raha yake pale Mafinga kuelekea Makambako barabara inaponyooka, lakini sehemu kubwa ya kwetu ni kona, kingo za barabara na ukungu. Taa zilizofungwa kwenye bodi ya pikipiki hutazama mbele hata wewe unapolala kwenye kona. Mwanga mpana ndio unaoonyesha kona inaendaje na nani anatembea pembeni. Na ukungu wa Isyonje ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, au ule wa Kawetire kwenye barabara ya Chunya, haushindwi kwa ukali wa taa. Ukiwasha fulu, matone ya maji yanakurudishia mwanga usoni. Kinachosaidia ni taa iliyofungwa chini, yenye mwanga uliokatwa juu ili usipande kwenye ukungu ulio mbele ya macho yako. Rangi ya njano, ya Kelvini 3,000 hivi (Kelvini hupima rangi ya mwanga), wengi tunaona haichoshi macho kama nyeupe ya bluu ya 6,000. Hata hivyo umbo la mwanga lina uzito kuliko rangi. Ukipata nyeupe iliyokatwa vizuri na njano inayotawanyika ovyo, chukua nyeupe.

Sasa waya, ambapo ningekuomba uwe mkali kwa fundi hata kama ni rafiki yako. Usikubali waya wa taa kubwa ukwanguliwe na kuungiwa taa mpya kwa solotepu. Taa za ziada ziwe na njia yao: kutoka chanya ya betri, fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 hadi 20 tu, kisha rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo), kisha taa, na waya wa hasi urudi betrini badala ya kufungwa kwenye chasi iliyopakwa rangi. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ndiyo sababu kiwe kifupi. Taa mbili za wati 20 zinavuta ampea 3 na kidogo. Fyuzi ya 5 inatosha, na waya wa milimita 1.5 za mraba hautapata joto. Fundi akikuwekea fyuzi ya 20 "ili isiungue", mrudishe.

Kwenye rilei, namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 ndizo zinazoiamsha. Huo umeme wa kuiamsha ndio wenye usalama wako na wa wenzako. Kwa taa za mbali, uchukuliwe kwenye waya wa fulu, ili ukishusha dimu taa hizo za mbali zizime kwa kidole kimoja. Lori lenye kontena la Zambia linatokea ghafla kwenye kona. Huna muda wa kupapasa swichi ya pili ukiwa na glavu nene. Taa pana za chini zinaweza kuamshwa na waya wa taa ndogo, zikiwa na swichi yake kwenye usukani. Pikipiki za kisasa zinazotumia kompyuta kusimamia umeme wote, kama BMW R 1200 GS iliyoanza mwaka 2004, hazitaki kuguswa waya hata kwa jambo dogo hilo. Kompyuta inaona mabadiliko na inaweza kuukatia umeme waya huo. Kwa hizo nunua kifaa cha kuunganishia kilichotengenezwa kwa mfumo wake.

Waya upite chini ya tanki, mbali na ekzosi. Kisha geuza usukani kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho, uone kama kuna mahali waya unabanwa au kuvutwa. Vishikio vifungwe kwenye vyuma vya kinga pembeni mwa injini kwa nati zenye nailoni ndani. Taa isikae mbele ya rejeta au kipozea oili. Mwendo wa kupanda Kitonga nyuma ya malori hauna upepo wa kupoteza.

Kulenga taa kunafanywa jioni, kabla giza halijakaza, mbele ya ukuta na sakafu iliyosawazika. Jaza upepo kwenye matairi kama utakavyosafiri, funga mabegi yenye mizigo yake halisi, na ukae juu ya kiti. Kama mtasafiri wawili, basi na mwenzako apande. Mzigo wa nyuma huinua pua ya pikipiki, na taa iliyolengwa ikiwa tupu itapiga madirisha ya malori siku ya safari. Simama mita 10 kutoka ukutani. Mtu apime kutoka chini hadi katikati ya taa, aweke alama ukutani kwa kimo hicho hicho. Ukingo wa juu wa mwanga mpana uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo, na kwa taa za ukungu nashusha hadi 20. Funika taa moja kwa kitambaa unapolenga nyingine. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ya kushoto unaweza kuisogeza kidogo ielekee ukingo wa barabara. Ya kulia isivuke mbele moja kwa moja. Na kama umeletewa taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia zenye mwanga unaopanda upande mmoja, upande huo ni wa kulia, yaani usoni mwa anayekuja.

Ukilenga vizuri unapata faida nyingine. Dereva anayeona taa moja kwa mbali hajui kama ni bodaboda iliyo karibu au gari lililoungua taa moja. Akiona tatu zilizokaa pembetatu, kubwa juu na mbili chini, nafasi kati yake inapanuka kadiri unavyosogea na jicho lake linapata kipimo cha umbali.

Kuhusu sheria nitasema machache: mbele weka nyeupe au njano, usiweke nyekundu wala bluu, na achana na zinazopepesa. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na ofisi ya trafiki ya wilaya ni mahali pazuri pa kuuliza kabla hujatoboa chochote.

Siku moja kabla ya safari, washa taa zote kwa dakika 15 ukiwa umesimama, injini ikinguruma, kisha gusa fyuzi, rilei na kila kiungo. Penye moto mkononi pana kiungo kibovu. Chini ya kiti weka fyuzi mbili za ampea ile ile, rilei moja, kipande cha waya, na kitambaa laini. Kioo cha LED hakipati joto la kukausha tope likabanduka, hivyo ukitoka barabara ya vumbi utafuta kwa mkono. Baada ya vipande vya kwanza vya barabara mbovu, tikisa kila taa kwa mkono na ukaze iliyolegea. Kisha rudi ukutani. Kishikio kikiteleza digrii moja tu, mwanga unapanda sentimita 17 kwenye zile mita 10, na wewe ulikuwa umeushusha 10.