Kuchagua shandelia ya kioo: anza na dari, duka baadaye

Wengi wakinunua shandelia, yaani taa kubwa ya mapambo inayoning'inia darini, huanza na mng'ao na bei, taa ikifika nyumbani ndipo fundi anauliza itaning'inia wapi. Geuza mpangilio huo.

Shandelia ya kioo ya sebuleni huwa na kilo 10 hadi 30, na ndefu za kwenye ngazi hupita hapo. Bodi ya jipsamu haibebi uzito huo, hata uifunge kwa skurubu na plagi za plastiki. Bodi humomonyoka taratibu kuzunguka tundu, mwisho taa inashuka yote. Kama juu ya jipsamu kuna zege, itobolewe zege yenyewe, ifungwe bolti ya chuma ya kutanuka yenye ndoano, na mnyororo upite kwenye tundu la jipsamu bila kuigusa. Kama juu ni kenchi za mbao, ilazwe mbao ya inchi 2 kwa 4 kuvuka kenchi mbili, ikazwe kwa bolti na nati, ndipo ndoano ifungwe hapo. Kwa taa ya kilo 25, ning'iniza kwanza mfuko wa saruji wa kilo 50 na uuache usiku kucha. Ndoano ikisogea hata kidogo, kazi irudiwe. Na waya wa umeme usibebe uzito wowote. Huo ni wa mnyororo.

Sasa vipimo. Jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu ulisome kwa inchi: sebule ya futi 14 kwa 16 inataka taa yenye kipenyo cha inchi 30 hivi, yaani sentimita 76. Panapopita watu, ncha ya chini ibaki angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Dari la mita 2.7 basi linakuachia sentimita 60 tu, mnyororo ukiwemo, kwa hiyo nyumba nyingi za kawaida zinafaa zaidi shandelia fupi inayokaa karibu na dari. Juu ya meza ya chakula mambo ni mengine: iache sentimita 75 hadi 90 juu ya meza, na upana wake uwe nusu hadi theluthi mbili ya upana wa meza.

Kama katikati ya sebule kuna feni, usiweke vyote viwili karibu. Upepo hugonganisha vioo hadi vinabanjuka kingo, na mapanga yakipita chini ya balbu mwanga unapepesa. Hamishia feni ukutani.

Kuhusu kioo chenyewe, chenye madini ya risasi (oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi) ndicho kizito na hutawanya rangi vizuri kuliko vyote. Madukani utakutana zaidi na K9, kisicho na risasi. Kikichongwa vizuri kinatosha kabisa kwa nyumba. Cha kuogopa ni plastiki inayouzwa kwa jina la kristali. Shika kipande kiganjani: kioo ni cha baridi na kizito, plastiki ni nyepesi na haina ubaridi ule. Pitisha ukucha kwenye kingo: kilichochongwa kina kingo kali, kilichomiminwa kwenye kalibu kina kingo za mviringo na mara nyingine mstari wa kiungo. Kisha mulika kwa tochi ya simu, utafute rangi za upinde wa mvua ukutani.

Kwa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na pwani yote, angalia vipini vidogo vinavyoshika vioo. Vya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu huliwa na hewa ya chumvi, na kioo huanguka kimoja kimoja. Dai shaba nyeupe (brasi) isiyoshika sumaku au chuma cha pua. Tembea na sumaku ndogo mfukoni, chuma cha kawaida kitajifichua.

Balbu ziwe za LED zenye kioo angavu, kelvini 2700 hadi 3000, yaani mwanga wa manjano-manjano. Zenye ukungu huua mmeto wote. Holda nyingi ni E14, nyembamba kuliko za kawaida, hivyo hakikisha balbu zake zinapatikana mjini kwako. Epuka taa ambayo LED zimejengwa ndani: zikiungua, hubadilishi balbu. Mwili ukiwa wa chuma, lazima uunganishwe na waya wa ethi, wa kijani na njano.

Kabla ya kulipa, fungueni katoni palepale dukani, mhesabu vioo, na uombe vya akiba vitano au zaidi vya kila umbo.