Saa ya kompyuta inarudi nyuma au inachelewa: mjue mchawi kabla hujashika bisibisi

Wakuu, kompyuta ikianza kukosea saa wengi wanakimbilia kurekebisha pale kwenye kona ya chini kulia, kesho yake imeharibika tena, wanarekebisha tena, na wanaishi hivyohivyo hadi siku brauza inagoma kufungua barua pepe au programu ya dukani inatoa risiti za mwaka 2009. Usianze kurekebisha. Angalia kwanza inakoseaje, maana kila ugonjwa wa saa una namna yake ya kukosea na ukishaijua hiyo namna kazi iliyobaki ni ndogo.

Andika vitu vitatu: imekosea kwa kiasi gani, ilikosea ikiwa imezimwa au ikiwa inatumika, na ndani ya BIOS (programu ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows) saa inasomaje. Hicho cha tatu ndio kikubwa. Washa mashine huku unabonyeza F2 au Delete (nyingine ni F10 au Esc), tarehe na saa mara nyingi zipo ukurasa wa kwanza tu. Hapo Windows haijaamka na intaneti haijaingilia kati, kwahiyo unachokiona ndio saa yenyewe ya mashine.

Imerudi miaka kadhaa nyuma

Hii ni betri, na ndio kesi nyingi zaidi. Kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) kuna saketi ya saa inayoendeshwa na kristali inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na umeme ukiondoka kinachoiweka hai ni kibetri cha CR2032 cha volti 3, kile cha duara kama sarafu. Kikifa, kila ukichomoa waya mashine inasahau tarehe na inaamka na ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndio maana tovuti zinagoma na kutoa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, maana cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani tupo 2009 inaona cheti hicho hakijaanza kutumika.

Desktopu ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, pawasaplai bado inailisha ile saketi na kibetri kinapumzika. Sisi wengi usiku tunazima soketi au ekstensheni nzima, kwahiyo kibetri kinafanya kazi usiku kucha, na mashine za mtumba nazo zimekaa stoo muda mrefu bila umeme kabla hazijafika dukani. Ukinunua mtumba badilisha tu hicho kibetri siku hiyohiyo, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na usumbufu wake.

Kama una multimita pima: kizima kinasoma volti 3 au zaidi kidogo, kikiwa chini ya 2.7 hivi kitoe. Lakini kabla ya kukitoa ingia BIOS upige picha kurasa zote kwa simu, hasa ile ya SATA, yaani mashine inavyosoma diski (AHCI au RAID), na ile ya kubuti, yaani inavyowaka (UEFI au Legacy), sababu mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani halafu Windows ikakataa kuwaka na ukadhani umeua mashine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) hakikisha unayo ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, usiguse kitu kabla hujaipata.

Kisha zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi kutoa umeme tuli mwilini. Pembeni ya betri kuna kilimi kidogo cha chuma, kisukume kwa nje taratibu na kibetri kitaruka chenyewe, usikichokonoe kwa nguvu kutokea chini utavunja kishikizo. Kipya kiingie upande wenye alama ya + ukiangalia juu, usikie kimebana. Laptopu nyingi wanaweka kibetri kimefungwa plastiki na kina waya mbili na plagi, hapo tafuta chenye plagi ya aina ileile. Usichomelee waya kwenye betri tupu, ile ni lithiamu, moto wake si wa kuchezea.

Ukimaliza weka tarehe kwa mkono ndani ya BIOS, usitegemee Windows ijirekebishe, maana mashine ya nyumbani kwa kawaida inakataa kusogeza saa yenyewe kama tofauti inazidi masaa 15. Ukishaweka karibu na ukweli ndio fungua Command Prompt kama Administrator uandike hii ili isawazishe kwa intaneti:

w32tm /resync

Imekosea masaa 3 kamili, dakika ziko sawa

Usinunue betri! Hii hutokea kwa wenye Windows na Linux kwenye mashine moja. Linux inaandika saa ya UTC (saa ya dunia ya kulinganishia) kwenye mazabodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tupo UTC+3, kwahiyo ukitoka Linux kwenda Windows unakuta imerudi nyuma masaa 3. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi ataona 2, wa Muscat ataona 4. Dawa nyepesi ni upande wa Linux:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Itakuonya kwamba si njia nzuri, na kwa aliyeko Ulaya onyo ni la kweli sababu saa zao zinasogezwa mara mbili kwa mwaka. Kwetu hazisogezwi kwahiyo sioni shida.

Inachelewa kidogo kidogo

Kristali ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani kama sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika kwa mwezi. Pia imetengenezwa kutulia kwenye joto la nyuzi 25 hivi, ikipata joto sana au baridi sana inachelewa, na kwenye chumba cha bati mchana unaelewa mwenyewe. Huo si ubovu, acha isawazishe kwa intaneti.

Ila ikipoteza dakika nzima huku inatumika, hapo kristali ya saa haihusiki sana maana mashine ikishawaka inahesabu muda kwa kaunta nyingine, mara nyingi TSC ya ndani ya prosesa. Kwenye Linux angalia:

sudo dmesg | grep -i clocksource

Ukiona imeandika tsc ni unstable, yaani haitulii, kernel (kiini cha Linux) imeshaihama yenyewe kwenda kaunta nyingine. Kama haijahama na saa inapepesuka, ongeza clocksource=hpet (HPET ni kaunta nyingine iliyo nje ya viini vya prosesa) kwenye GRUB, ile programu inayowasha Linux, ujaribu, kasi itapungua kidogo. Apdeti ya BIOS nayo huwa inatibu hili.

Betri mpya na bado inasahau

Angalia jampa ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS), kile kifuniko kidogo kwenye pini tatu, kuna mafundi wanaisahau upande wa kufuta. Angalia kutu kwenye kishikizo, safisha kwa pamba na spiriti kali. Na soma namba ya betri yenyewe, CR2025 ni nyembamba (milimita 2.5 badala ya 3.2) inaingia vizuri tu lakini inaweza isiguse sawasawa.

Wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hadi Pi 4 haina saa ya ndani kabisa, nunua moduli ya saa ya DS3231.

Kwa kesi ya betri, kupima kama umepona ni hivi: weka saa sahihi, zima, chomoa waya ilale hivyo usiku mzima (laptopu toa na betri kubwa kama inatoka), asubuhi washa bila intaneti uingie moja kwa moja BIOS ulinganishe na simu. Ikipishana sekunde chache iko poa, ikirudi nyuma miaka mpe fundi aangalie saketi yenyewe.