Kwenye Chautauqua, weka swali gumu akiba

Ukiwa Marekani majira ya joto ukasikia kuna Chautauqua mjini, yaani tamasha la kuelimisha umma kwa mihadhara na maigizo ya historia, kwa mfano ile ya Greeley, Colorado, nenda. Jina ni la ziwa la New York ambako vuguvugu hili lilianza 1874. Siku hizi msomi huvaa mavazi ya enzi, akasimama jukwaani kama mtu wa kihistoria, tuseme Frederick Douglass, Mmarekani aliyetoroka utumwani akapigania kuukomesha, akasimulia maisha "yake", kisha akajibu maswali akiwa bado mhusika. Usimuulize yaliyotokea baada ya kifo chake. Atakutolea macho tu. Subiri avue uhusika na kuzungumza kama msomi. Hapo mbane: maneno yale yametoka kwenye barua gani, na lipi mzee alilificha? Kwangu hicho ndicho kipindi kitamu, ingawa wengi huwa wameshaanza kukunja viti.